Klopairifosi, kunguni na majani ya ng'ombe: jibu kwa ndugu wa Wete

Assalamu alaikum wanajukwaa.

Ndugu yetu wa Wete ameuliza hivi, kwa ufupi: amesikia serikali za nje zimeipitia upya dawa ya wadudu iitwayo klopairifosi, baadhi zikaipiga marufuku, baadhi zikaiacha. Anayo nusu chupa aliyopimiwa dukani. Anataka kuipiga chumbani kwa kunguni waliomshinda, na itakayobaki aimalizie kwenye viwavi wanaokula majani ya ng'ombe wake. Wawili wameshamjibu: "Piga tu, Wamarekani wenyewe wameirudisha."

Mimi nasema usipige, chumbani wala kwenye majani. Dawa hizi nimekaa nazo miaka mingi, kwanza nyuma ya kaunta ya duka la pembejeo Chake Chake, na sasa kama mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, kwa hivyo naomba mnivumilie kwa urefu.

Nianze na hilo la kurudishwa, maana ndilo litakalomponza mtu. Klopairifosi ilisajiliwa Marekani mwaka 1965. Wengi wetu tuliifahamu kwa jina la Dursban. Ilipigwa kila mahali: mende, siafu, viroboto, mchwa wa misingi ya nyumba, wadudu wa mazao na wa malisho. Mwaka 2000 shirika la serikali ya Marekani linalosimamia mazingira lilikubaliana na watengenezaji kwamba karibu matumizi yote ya majumbani yaondolewe, na kufika mwisho wa 2001 isiuzwe tena madukani kwa kazi hiyo. Kilichoachwa ndani ya nyumba ni vitego vya mende na siafu vilivyofungwa ndani ya kikasha ambacho mtoto hawezi kukifungua. Basi.

Vuta nikuvute iliyofuata, ya kesi na rufaa, ilihusu mazao. Mwaka 2021 wakafuta viwango vyote vya mabaki yanayoruhusiwa kwenye chakula. Novemba 2023 mahakama ya rufaa ikautengua uamuzi huo. Disemba 2024 shirika likapendekeza ibaki kwenye mazao 11 tu, kama vile soya, ngano na tufaha. Huko ndiko "kurudishwa" kunakosemwa. Chumba cha kulala hakijarudishwa.

Kwengineko wamekwenda mbali zaidi. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2019 kwamba haiwezi kuweka kiwango chochote kuwa ni salama, na Januari 2020 Umoja wa Ulaya ukakataa kuihuisha leseni yake. Australia, ambako ilitumika sana kwa wadudu wa malisho, walianza kuipitia mwaka 1996 na uamuzi wa mwisho ukatoka 2024, matumizi mengi yakafutwa. Na mwaka 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm, Tanzania ikiwemo, ziliiingiza katika orodha ya kemikali za kuondolewa duniani, zikaacha matumizi machache maalumu kwa muda.

Sasa jambo ambalo nataka kila mwenye bomba la mgongoni alielewe. Serikali inapopitia dawa, haiishii kuuliza kama ni sumu. Ni sumu, ndiyo maana inaua. Wanachotafuta ni kiasi gani kitamfikia mtu, na kama kiasi hicho kiko mbali na kile kinachodhuru. Kwa kawaida huchukua dozi isiyoonesha madhara kwa wanyama wa maabara, wakaigawa kwa 100: kumi kwa sababu mtu si panya, kumi nyengine kwa sababu watu hatulingani. Marekani, sheria yao ya mwaka 1996 iliongeza kumi nyengine kwa ajili ya watoto, isipokuwa pale ushahidi unapoonesha haihitajiki. Kisha wanapiga hesabu: mpulizaji amechanganya kipimo gani, amevaa glavu au hakuvaa, chumba kilipata hewa muda gani, mtoto anayetambaa ametia mkono mdomoni mara ngapi, ng'ombe ameingizwa kwenye majani baada ya siku ngapi.

Hesabu yote hiyo imesimama juu ya kibandiko cha chupa. Serikali ikisema dawa fulani inafaa, maana yake inafaa kwa anayefuata kibandiko kile, kwa kazi ile, kwa kipimo kile. Ukishaondoa kibandiko, hakuna serikali iliyosema chochote kuhusu ulichoshika mkononi.

Na chupa zetu nazijua. Inakuja lita moja, pengine lita tano, imeandikwa 480 au 48, yaani gramu 480 za sumu katika kila lita, iliyoyeyushwa kwenye mafuta yanayonuka kama mafuta ya taa. Ina utepe wa njano chini, maana yake ni sumu ya daraja la kati. Mnunuzi anataka ya elfu mbili. Muuzaji anammiminia kwenye chupa ya maji, anafunga kifuniko kwa kipande cha mfuko ili isivuje, anamwambia "kifuniko kimoja kwa ndoo". Utepe wa njano umebaki dukani, pamoja na jina la dawa, siku za kusubiri na maelezo ya huduma ya kwanza. Kinachokwenda nyumbani ni chupa ya maji yenye kitu kinachokuwa cheupe kama maziwa kikitiwa maji, na inawekwa chini ya kitanda. Nilipokuwa dukani nilikataa kupima, na wateja waliniona mgumu. Mpaka leo naamini kupima dawa kwenye chupa za maji ndiko kunakoumiza watu visiwani kuliko dawa yenyewe kuwepo.

Kwa nini ndani ya nyumba khasa? Nje kuna jua, mvua na vijidudu vya udongoni vinavyoivunja dawa. Ndani havimo. Inakaa kwenye godoro, kwenye mkeka, kwenye mapazia, inapanda kama mvuke na kushuka tena. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya jaribio dogo ambalo sijalisahau: nyumba ilipulizwa klopairifosi, na vitu vya kuchezea watoto vilivyoingizwa baada ya kupulizwa vikaendelea kunasa dawa kwa siku kadhaa. Havikuguswa na bomba hata kidogo. Mwaka 2011 wengine waliofuatilia watoto wa New York, waliozaliwa na mama waliovuta dawa hii majumbani, walieleza kwamba waliokuwa na nyingi zaidi kwenye damu ya kitovu walikuwa na alama za chini zaidi za akili na kumbukumbu walipofika miaka saba. Mama hawa hawakulazwa hospitali kwa sumu. Walikuwa wakiishi tu ndani ya nyumba zilizopulizwa.

Huku kwetu nimeona ile ya haraka. Jirani yangu alipimiwa dawa ya shamba, akaipiga kwenye godoro la watoto asubuhi, jioni wakalala. Usiku mmoja wao, hata skuli hajaanza, akawa anatoka mate hayakatiki, jasho, anaharisha, kifua kinakoroma. Nilipoitwa nikamulika tochi: mboni za macho zimesinyaa zimekuwa nukta, na gizani mboni hutakiwa ziwe pana. Misuli ya mashavu ilikuwa ikichezacheza yenyewe. Tukamvua nguo, tukamwogesha kwa sabuni na maji mengi, tukakimbia hospitali, daktari akampiga sindano za atropini mpaka kifua kikakauka. Alhamdulillahi yu hai. Kundi hili la dawa, oganofosfeti, huzuia kile kinachozima ishara za neva mwilini, kwa hivyo kila tezi na kila msuli unabaki umewashwa. Na klopairifosi ni lazima kwanza ibadilishwe na ini ndiyo iume sawasawa, ndiyo maana dalili zinaweza kuchelewa, na mtu akadhani kapona kumbe bado.

Mkiona dalili hizo: mtoeni penye hewa, mvueni nguo, mwosheni, mpelekeni hospitali na chupa yenyewe. Msimtapishe, yale mafuta yakiingia mapafuni ni balaa jengine. Maziwa hayasaidii.

Najua kuna atakayeuliza: mbona watu wa malaria wanapuliza ndani? Wanapuliza, tangu 2006 Zanzibar imekuwa na kampeni hizo, na dawa moja waliyokuja kuitumia baadaye, pirimifosi-methili, ni ya ukoo huohuo wa oganofosfeti. Lakini hiyo ilipimwa kwa ajili ya kuta za nyumba, kwa kipimo cha gramu moja kwa mita mraba. Na mnakumbuka wanavyokuja: wamevaa ovaroli, barakoa na glavu, vyombo na vyakula vinatolewa nje, watu wote wanatoka, mnasubiri, mnafungua madirisha, mnafagia ndiyo mnaingia. Hawapulizi godoro. Ndugu yangu, wewe unataka kuingia na dawa nyengine, kipimo cha kukisia, na kitanda ndicho shabaha.

Tuje kwenye majani. Dawa hii hupenda mafuta, na maziwa yana mafuta. Ukipiga majani ya tembo leo ukakata kesho, ng'ombe anaila, na sehemu yake inakuja kwenye kibuyu, na wanaokunywa maziwa nyumbani ni walewale watoto uliotaka kuwaondolea kunguni. Kwenye nchi ambako ilikubaliwa kwa malisho kulikuwa na siku maalumu za kusubiri kabla mnyama hajaingizwa, na kwa ng'ombe wanaokamwa masharti yalikuwa makali zaidi. Hapa mnyama anafungwa kamba pembezoni mwa konde la mtu mwengine, hujui jana palipigwa nini. Mimi siku hizi sikati majani ya mpakani mwa konde lolote mpaka nimuulize mwenyewe.

Viwavi wakivamia, kata majani mapema uwape ng'ombe kabla viwavi hawajayamaliza. Majani ya tembo yatachipua tena. Maji ya mwarobaini husaidia wakiwa wachanga tu, wakishakuwa wakubwa unapoteza muda. Kupe ni habari nyengine kabisa: tumia dawa ya kuogeshea iliyoandikwa ng'ombe kwenye chupa, kama za amitrazi au sipamethrini, kwa maelekezo ya daktari wa mifugo, na usikilize siku za maziwa.

Kunguni wanachosha, sikatai, na wengi wameshazizoea dawa za kawaida za kopo. Kinachofanya kazi ni joto na subira. Fungua kitanda chote, mwaga maji yanayochemka kwenye maungio na mashimo ya misumari. Chemsha shuka, foronya na nguo. Godoro lianike, lakini jua peke yake halifiki katikati, kwa hivyo lishone ndani ya nailoni nzito na uliache hivyo miezi mingi. Chandarua chenye dawa usikichemshe, utakiharibu. Kikague mishono, kioshe kwa maji baridi na sabuni ya kawaida, kianike kivulini. Rudia baada ya wiki moja au mbili, mayai yatakuwa yameanguliwa. Ukilazimika kununua dawa, iwe kwenye chombo chake, imeandikwa kunguni na imeandikwa ndani ya nyumba, na ipigwe kwenye nyufa tu.

Hiyo nusu chupa itoe chini ya kitanda leo. Usiimwage chooni wala karibu na kisima, na mtoni usithubutu, samaki hufa kwa kiasi kidogo mno cha dawa hii. Iandike SUMU, ifungie mbali na watoto, kisha muone bwana shamba wa eneo lako akwambie pa kuipeleka.

Na nijibu hili kwanza: hayo majani umeshayapiga au bado? Kama umeshapiga, taja siku na kipimo ulichotia, na kama kuna ng'ombe anayekamwa aliyekwisha kula.