Droni ya mizigo Mwanza–Ukerewe: usinunue kwanza

Ndugu, unauliza kama ununue droni upelekee wateja wa kisiwa cha Ukerewe, Ziwa Victoria, vipuri vya simu kutoka Mwanza. Kuruka inawezekana: mwaka 2018 DHL, Wingcopter (watengeneza droni) na GIZ (shirika la maendeleo la Ujerumani) walitangaza jaribio la kupeleka dawa huko huko, kilomita 60 kwa dakika 40 hivi. Ila ile ni mashine ya kazi, si hizi za kupigia picha za harusi. Hizi chaji inakata katikati ya ziwa, mzigo unaishia kwa sangara. Kabla hujatoa hata mia, kaulizie kibali TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, hasa cha kurusha mbali na upeo wa macho. Halafu piga hesabu. Rwanda, kampuni ya Zipline wanasafirisha damu kwa droni tangu 2016 kwa sababu mgonjwa hasubiri. Kioo cha simu kipakie kwenye meli ya Nansio, bandari ya Ukerewe.