Usinunue jina kubwa kwa bei chee

Mshahara wangu wa kwanza wa kuhudumia meza mgahawani, mjini Torino, niliutolea Barolo, mvinyo mwekundu wenye jina kubwa wa mkoa wa Piemonte, Italia. Nilipitia supamaketi usiku, nikachukua chupa ya bei ya chini kuliko zote, kwa sababu nilichotaka ni lile jina. Glasi ya kwanza ikanikausha ulimi kama mtu aliyetafuna ndizi mbichi. Nusu ya chupa iliishia kwenye sufuria ya mchuzi.

Barolo haina kosa. Sheria yake inataka ikae angalau miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo kwenye mapipa ya mbao. Kungoja huko ni gharama, na jina nalo lina bei yake. Ukiikuta inauzwa kwa bei ya kutupa, ujue kuna mahali mtengenezaji amebana. Siku hizi pesa hiyohiyo naipeleka kwenye jina dogo, nikachukua chupa nzuri ya huko.

Anza na Ruchè. Inatoka hukohuko Piemonte, kwenye vilima vya Monferrato, katika vijiji saba tu, Castagnole Monferrato kikiwemo. Zamani wenyeji waliinywa majumbani kwao, basi. Aliyeitoa ni paroko, Padre Giacomo Cauda, aliyefika pale miaka ya 1960 akakuta mizabibu ya Ruchè kwenye shamba la parokia. Akaitunza, akaiongeza, akaanza kuujaza mvinyo wake kwenye chupa. Mwaka 2010 ukapewa DOCG, daraja la juu kabisa Italia. Mimi mtoto wa Dodoma nilicheka niliposikia: zabibu zetu nazo zililetwa na mapadri! Ila sisi tunavuna mara mbili kwa mwaka, wao mara moja.

Mdogo wangu wa kike alipokuja kunitembelea nilimmiminia bila kumwambia kitu. Akanusa, akanitazama.

"Kaka, umetia marashi ya waridi humu?"

Ndivyo ilivyo. Waridi kwanza, halafu pilipili manga kwa mbali. Ukakasi upo, lakini haukukabi.

Jirani wa Ruchè, mvinyo wa Grignolino, atakudanganya kwa rangi. Ni mwekundu mwepesi, unaona vidole vyako upande wa pili wa glasi, ukidhani ni juisi. Onja sasa! Zabibu zake zina mbegu nyingi, na mbegu ndizo zinazoleta ukakasi. Hata jina lenyewe husemwa limetokana na neno la kilugha la mbegu. Usiinywe tumbo tupu. Kwa nyama baridi iliyokatwa vipande vyembamba inakaa vizuri sana.

Kama bado unaitamani zabibu ya Barolo, yaani Nebbiolo, panda kaskazini hadi Valtellina, karibu na mpaka wa Uswisi. Huko wanaiita Chiavennasca, na inalimwa kwenye matuta ya mawe yaliyojengwa mlimani, penye mwinuko mkali kiasi kwamba kuvuna ni kwa mikono. Si rahisi mfukoni, lakini unaona pesa yako ilikokwenda.

Kusini nitataja mbili. Frappato ya Vittoria, Sicilia, iweke kwenye friji nusu saa kisha unywe na samaki wa kuchoma. Asikutishe mtu anayesema mvinyo mwekundu haupozwi. Aglianico del Vulture, ya Basilicata kwenye volkano iliyozimika, ni kinyume chake: ifungue saa mbili kabla, na mezani pawe na mbuzi.

Halafu ule ukanda wa karatasi wenye namba kwenye shingo ya chupa za DOCG. Wengi wanauchukulia kama ahadi ya utamu. Unathibitisha tu kwamba kanuni zimefuatwa. Barolo yangu ya supamaketi ilikuwa nao pia. Bora umuulize mwenye duka dogo yeye mwenyewe anakunywa nini nyumbani kwake. Mimi Ruchè niliipata hivyo.

Mdogo wangu alipoondoka alizifunga chupa mbili kwenye kanga, akazilaza katikati ya begi. Zilifika Dodoma zikiwa nzima.