Safu ya Nasaba: Maswali Yenu Kuhusu Ukoo wa Marshal

Toleo lililopita tulieleza habari za William Marshal, Erli wa Pembroke, aliyekufa Mei 1219. Erli alikuwa kabaila mkubwa asiye na bwana juu yake ila mfalme. Mkewe, Isabel de Clare, ndiye aliyemletea jimbo la Leinster huko Ireland pamoja na ngome za kusini mwa Wales. Walijaliwa wana watano na mabinti watano. Wana wote watano walishika miliki kwa zamu na wote wakafa bila kuacha mrithi, wa mwisho Desemba 1245. Mwaka 1247 ardhi ikagawanywa mafungu matano sawasawa, moja kwa kila binti au warithi wake. Barua nyingi zilizotufikia zinauliza juu ya mgawo huo.

Nimeipiga hesabu kifaraidhi, yaani kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu. Anselm, ndugu wa mwisho, aliacha mjane, na madada waliokuwa hai ni Maud na Eva tu. Mjane robo, madada theluthi mbili, kisha sehemu moja ya kumi na mbili inayobaki ni ya asaba (jamaa wa upande wa kiume wanaochukua masalio). Ninyi mmeandika mafungu matano sawasawa. Mmeyapata wapi? (Msomaji, Lamu)

Kwa faraidhi hesabu yako haina kasoro. Lakini watu hawa walirithiana kwa sheria ya ardhi ya Uingereza, na hiyo inaachana na faraidhi mahali patatu.

Kwanza, marehemu anawakilishwa na watoto wake. Isabel alikufa Januari 1240, na Sibyl na Joan nao walimtangulia Anselm kaburini. Hata hivyo fungu la kila mmoja lilihesabiwa kana kwamba yu hai, wakapewa watoto wake. Eva alifariki 1246, kabla ya mgawo wenyewe, nalo fungu lake likashuka vivyo hivyo. Pili, madaraja ya asaba hayana nafasi maadamu yupo dada au mtoto wa dada. Tatu, na hapa ndipo wengi wanapoteleza: akiwapo mtoto wa kiume, mkubwa wao anachukua ardhi yote peke yake, asipokuwapo, mabinti wanagawana sawa kwa sawa. Kanuni hii haikomi kwenye ngazi ya kwanza. Inarudi kufanya kazi ndani ya kila fungu.

Tazama ilivyokuwa. Maud, mkubwa wa madada, alipata Carlow kule Ireland na Chepstow mpakani mwa Wales, pamoja na cheo chenyewe cha umarshali katika utumishi wa mfalme, ambacho mwanawe Roger Bigod alikishika mara moja. Cheo hakigawanyiki, ndiyo maana kikaenda upande wa mkubwa. Fungu la Isabel, yaani Kilkenny kule Ireland na Usk kule Wales, lilikwenda zima kwa mwanawe mkubwa, Richard de Clare; wadogo zake hawakuambulia kitu. Joan alipata Wexford na Pembroke, na mali hiyo ikaishia kwa binti yake, naye Joan, aliyeolewa mwaka huohuo wa 1247 na William de Valence, ndugu wa mama mmoja wa Mfalme Henry III. Eva, ambaye mumewe William de Braose alinyongwa na mtawala wa Wales mwaka 1230, aliacha mabinti watupu. Ngome ya Dunamase kule Ireland ikamfikia mmoja wao, naye Maud, mke wa Roger Mortimer.

Sibyl ndiye anayewatoa jasho wachoraji wa shajara, yaani mti wa ukoo. Fungu lake lilikuwa na Kildare, na aliacha mabinti saba kwa mumewe William de Ferrers. Moja ya tano ikigawanywa kwa saba inakuwa moja ya thelathini na tano. Ukikutana na hati inayodai sehemu ya namna hiyo katika miliki ya Marshal, usidhani mwandishi kakosea: huyo ni mmoja wa mabinti saba wa Sibyl au mzao wake, na umekwisha kumpata bila hati kumtaja bibi yake.

Na wajane? Kwenye shajara yenu hawana hata mstari. (Msomaji, Unguja)

Walistahili mstari, tena mnene. Mjane alipewa theluthi ya ardhi ya mumewe aishi nayo maisha yake yote. Haiuzi wala haiusii. Akifa inarudi kwa warithi wa mume. Hata akiolewa tena anaendelea kuishika, na mume mpya ndiye anayeisimamia na kuipigania mahakamani.

Ndugu wanaporithiana mmoja baada ya mwingine, wajane wanarundikana. Eleanor, dada yake mfalme, alikuwa mjane wa ndugu wa kwanza, William, aliyekufa 1231. Badala ya theluthi yake ya Ireland na Wales alikubaliana alipwe pauni 400 kwa mwaka. Kisha akaolewa na Simon de Montfort mwaka 1238, na malalamiko kwamba kiasi hicho kilikuwa kidogo mno yakawa mojawapo ya sababu za uhasama kati ya de Montfort na shemeji yake mfalme. Margaret de Quincy, mjane wa Walter, ndugu wa nne, aliishi hadi 1266. Kwa ardhi aliyoacha Walter, basi, toa kwanza theluthi ya Margaret, halafu gawa kilichobaki kwa tano: kila fungu ni sehemu mbili za kumi na tano, na mjane peke yake ana tano za kumi na tano. Mtu akikuonyesha orodha ya ardhi ya mrithi mmoja ya mwaka 1250 na nyingine ya 1270 hazilingani, angalia kama kuna mjane aliyekufa katikati. Mara nyingi hakuna aliyenunua wala kunyang'anywa kitu.

Isabel de Clare wenu ni wangapi? Nimechora mara tatu, na kila mara mtu anakuwa mama mkwe wake mwenyewe. (Mwanafunzi, Morogoro)

Ni watatu, na kila mmoja ni mama wa anayemfuata. Wa kwanza ni binti wa Richard “Strongbow” de Clare na Aoife, binti wa mfalme wa Leinster; ndiye mke wa William Marshal, alikufa 1220. Wa pili alizaliwa Marshal. Alikuwa de Clare kwa kuolewa tu, na Gilbert de Clare, Erli wa Gloucester na Hertford. Gilbert alipokufa 1230 akaolewa na Richard wa Cornwall, nduguye mfalme. Wa tatu ni binti wa huyo wa pili kwa Gilbert. Aliolewa na Robert de Brus, na mjukuu wake ndiye Robert aliyetawazwa mfalme wa Uskoti mwaka 1306.

Kinachozidisha mkorogo ni kwamba Gilbert na Isabel wa pili walikuwa wa damu moja: wote ni wazao wa Gilbert fitz Richard, aliyekufa mnamo 1117. (“Fitz” hapo ni “bin” tu, inabadilika kila kizazi. Usiigeuze jina la ukoo.)

Chora hivi. Mwanamke mwandike kwa jina la kwao, kamwe si la mume. Chini ya jina weka mwaka wa kufa, kwa sababu mwaka wa kuzaliwa mara nyingi ni makisio. Watoto wateremshe kutoka kwenye mstari wa ndoa, si kutoka kwa baba, ili Henry, mwana wa Isabel wa pili kwa Richard wa Cornwall, asijekaa na watoto wa Gilbert. Mwisho andika kando ya kila ndoa ardhi aliyokuja nayo mke. Kilkenny ikitokea katika nyumba ya de Clare wa Gloucester, lazima imepita kwa Isabel wa pili. Jina linaweza kukudanganya. Kilkenny haina njia nyingine ya kufika pale.

Jirani yetu hapa Leicester anaitwa Marshall na anadai ukoo huu ni wake. (Msomaji, Uingereza)

Kwa jina, hapana. Marshal lilikuwa jina la kazi, asili yake mtu wa kutunza farasi, na watu wengi waliitwa hivyo. Mstari wa kiume wa William ulikatika 1245. Mzao wake halali wa leo lazima apitie kwa mmoja wa mabinti watano, basi atakuwa na Bigod, de Clare, Mortimer au wengine kama hao katika orodha yake. Mwombe akuonyeshe hao kwanza.

Tarehe za hati na za vitabu hazipatani. Tufuate zipi? (Msomaji, Dar es Salaam)

Soma hati kwa kalenda yake. Ofisi ya mfalme ilihesabu miaka ya utawala: mwaka wa 31 wa Henry III ulianza 28 Oktoba 1246 ukaisha 27 Oktoba 1247, kwa hiyo hati ya Mei ya mwaka wa 31 ni ya 1247. Kwa Mfalme John ni shida zaidi, maana miaka yake ilianza siku ya Kupaa Bwana, ambayo inahamahama. Halafu mwaka wa kawaida uligeuka 25 Machi, si 1 Januari. Isabel wa pili alikufa 17 Januari 1240 kwa hesabu yetu. Kwa mwandishi wa Kiingereza wa siku hizo ilikuwa bado 1239. Andika zote mbili, 1239/40, na yeyote atakayesoma shajara yako ataelewa.

Umri nao una mtego wake. Alipokufa mtu aliyeshika ardhi moja kwa moja kutoka kwa mfalme, afisa wa mfalme katika kila kaunti aliapisha jopo la wenyeji watamke alikuwa na nini, ina thamani gani, na mrithi ni nani mwenye umri gani. Taarifa zilizosalia zinaanzia miaka ya 1230. “Ana miaka 21 na zaidi” maana yake ni kwamba si mtoto wa kuwekewa mlezi, basi; anaweza kuwa na 40. Jopo la kaunti moja likisema 14 na la nyingine 17, lipe uzito la mahali mrithi alipokulia, kwa sababu hao wengine huenda hawakuwahi kumwona.