Chapo madondo za kubeba

SWALI: Mhariri, sasa? Hapa Umoja, Nairobi, kuna kibanda cha mama mmoja, chapo madondo zake (chapati na maharagwe) ni moto, lakini nikibeba jioni nafika kwa nyumba chapo zishalowa supu, halafu foleni haisongi juu watu wanapiga stori na kucheka tu. Nifanyeje?

JIBU: Ya chapo ni rahisi, beba hotipoti ama mikebe miwili, mwambie akuwekee madondo kando, na utakuwa umemsaidia pia juu mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017. Ukikawia kula, yachemshe tena hadi yatokote.

Hiyo foleni sasa, kusema ukweli sikuonei huruma sana. Hapo kwa benchi ndio utajua maji yanarudi lini, nyumba gani iko wazi, nani amejifungua, na siku huna kitu mama atakuandika kwa kitabu juu anakujua, si ati wewe ndio yule wa kutoa simu tu na kusonya. Ukiwa na haraka kweli mpigie mapema akufungie, upitie tu. Na uulize avokado, ukicheka nao kidogo unaweza ongezewa kipande.