Wasomaji Wauliza: Kazi ya Zimamoto

*Mwezi huu barua nyingi zilihusu kazi ya zimamoto na kinga ya moto. Tumechagua tano na kuzifupisha. Wanaojibu ni wakufunzi na mafundi wa fani hiyo.*

Shikamooni. Nimemaliza kidato cha nne, naishi Singida, nataka kuwa askari wa zimamoto. Kuna mtu anasema nikimpa laki tatu ataniingiza. Pia nasikia urefu unaotakiwa ni futi 5.7. Nimepiga hesabu nikapata sentimita 174, na mimi nina 171. Ndoto imeishia hapo?

Marahaba, mwanetu. Haijaisha. Hiyo 5.7 ya kwenye matangazo husomwa futi 5 na inchi 7, yaani kama sentimita 170. Ukiizidisha kama desimali unajikata mwenyewe kabla hata ya usaili, na si wewe wa kwanza. Kwa wanawake hutajwa 5.4, yaani futi 5 na inchi 4, karibu sentimita 163. Hata hivyo, tangazo la mwaka unaoomba ndilo lenye neno la mwisho kuhusu urefu, umri na elimu. Lisome lote, pamoja na zile sentensi za chini ambazo watu huziruka.

Laki tatu zako kaa nazo. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Nafasi zake hutangazwa hadharani na maombi hupelekwa kwenye mfumo wa mtandaoni. Hakuna mlango wa uani unaofunguliwa kwa fedha, ila yupo atakayezipokea na kuzima simu.

Kinachowaangusha wengi ni majina. Cheti cha kuzaliwa kina Ally, cha shule kina Ali, kitambulisho cha NIDA kimeongeza jina la babu. Linganisha nyaraka zako sasa, herufi kwa herufi, maana kurekebisha huchukua wiki au miezi na tangazo hukaa wazi kwa siku chache. Usichore mwili. Kama unaweza kupata fani wakati unasubiri (udereva wa magari makubwa, umeme, bomba, uogeleaji), ipate. Jeshi linahitaji mafundi kama linavyohitaji vifua vipana.

Kuhusu mwili, wengi hukimbia tu, nao wakifika kwenye kozi ya awali huko Chogo, Handeni, mapafu yanatosha lakini mikono inalia. Kofia, koti, buti na mtungi wa hewa kwa pamoja hukaribia kilo 20 hadi 25, na bado hujashika mpira wa maji. Chukua ndoo mbili za lita 20 zenye vifuniko, zijaze, tembea nazo mita 50, pumzika dakika moja, rudia mara 6. Siku inayofuata panda na kushuka ngazi ukiwa na begi la mchanga la kilo 15 mgongoni, dakika 10 mfululizo. Kisha jipime kitu ambacho misuli haikisaidii: panda ngazi ndefu iliyoegemezwa vizuri (mguu wake ukae mita 1 kutoka ukutani kwa kila mita 4 za kwenda juu) huku mtu akiishika chini, utazame chini. Ni heri ujue sasa kama kimo kinakutia kizunguzungu.

Mimi ni kuruta kwenye kikosi cha zimamoto cha kiwanda, Dar es Salaam. Mtungi wangu wa hewa ni wa lita 6 na umeandikwa dakika 45. Kwenye zoezi la moshi filimbi ililia dakika ya 21. Mkufunzi kasema napumua vibaya. Mbovu ni mtungi au mimi?

Huenda si mtungi wala si wewe. Dakika 45 ni hesabu ya makaratasi. Lita 6 kwa presha ya baa 300 ni lita 1,800 za hewa. Ukigawa kwa lita 40 kwa dakika, ambayo ni pumzi ya kazi ya wastani, unapata 45. Lakini hesabu hiyo inakutumia hewa mpaka tone la mwisho, na filimbi imewekwa ilie kukiwa bado na akiba ya kutokea, kwa kawaida ikibaki kama baa 55. Kwa hiyo una baa 245 za kufanyia kazi. Mara 6 ni lita 1,470. Kwa lita 40 hizo ni dakika 37 tu.

Sasa, lita 40 ni za mtu anayetembea na kufanya kazi ya kiasi. Anayeburuta mpira uliojaa maji au kumvuta mtu aliyezimia hufika lita 60, na mwenye hofu hupita 80. Tuseme pia geji yako ilisoma 270 wakati wa kuingia. Toa 55, zidisha kwa 6, ni lita 1,290. Gawa kwa 60: dakika 21 na nusu. Hiyo ndiyo filimbi yako.

Kwa nini isome 270 ikiwa ulikabidhiwa mtungi "uliojaa"? Ukijazwa haraka, hewa hupata joto. Geji inasoma 300 mtungi ukiwa na nyuzi 45, ukipoa hadi 25 inashuka hadi karibu 280 bila hata kuvuja. Ndiyo maana mtungi hujazwa polepole, huachwa upoe, kisha huongezwa. Na hata hiyo 1,800 tumeikadiria kwa ukarimu: kwenye baa 300 hewa haibanani sawasawa na kanuni ya darasani, hivyo kilichomo hupungua kama sehemu moja ya kumi.

Kabla ya zoezi lijalo fanya mambo matatu. Fungua vali, soma geji, funga vali, kisha utazame sindano kwa dakika moja. Ikishuka kwa haraka kuna uvujaji kwenye maungio. Halafu toa hewa iliyobaki kidogo kidogo huku ukitazama presha ambayo filimbi inaanzia kulia, maana filimbi inayolia kwenye baa 80 inakupunguzia muda bila sababu, na inayolia kwenye 30 inakupeleka kaburini. Tatu, kagua uso. Ndevu za siku mbili tu zinatosha kuvunja muhuri wa barakoa, na barakoa nyingi husukuma hewa nje daima, hivyo uvujaji huo ni hewa inayokwenda bure.

Na usingoje filimbi ndipo ugeuke. Umeingia na 280, ukafika kwenye moto na 200, basi njia imekula 80. Ya kurudi itakula 80 nyingine, weka juu yake 55 za akiba: ukifika 135 mnageuka, na mnageuka kwa geji ya yule mwenye hewa kidogo kuliko wote. Mkufunzi wako hakukosea kutaja pumzi, ila hili la kugeuka angekuambia kwanza.

Ni dereva wa gari la zimamoto, Mbeya. Pampu yetu ikivuta maji mtoni kutoka darajani, mita 7 hivi, inagoma. Ya aina hiyohiyo nilipokuwa Tanga ilivuta kimo hicho bila shida. Tena wananchi wanatuzomea kwamba tunafika bila maji.

Kaka, pampu haivuti maji. Inaondoa hewa kwenye mpira, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji juu. Usawa wa bahari hewa hiyo inaweza kuinua maji mita 10.3 kwa nadharia, na kwa vitendo mita 7 hadi 7.5. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na nadharia inashuka hadi mita 8.4 hivi. Ukitoa msuguano na upungufu wa pampu unabaki na kama mita 6. Mita 7 za Tanga ni mlima kwa Mbeya. Tafuta mahali gari litashuka karibu na maji, au tumia pampu ndogo ya kubeba iletwe ukingoni na ilishe gari.

Ikigoma hata kwenye mita 4, hapo una tatizo jingine. Ziba mwisho wa mpira wa kuvutia, ondoa hewa mpaka geji ya ombwe ifike kama baa 0.6 kwa mwinuko wenu, zima, ngoja dakika 5. Ikipoteza zaidi ya baa 0.3 hewa inaingia mahali: gasketi iliyokauka, ungio lisilokazwa kwa spana, au koki ya kumwagia maji iliyoachwa wazi kidogo (hii ndiyo ya kwanza kuangalia, kwa kuwa ndiyo inayosahauliwa zaidi). Ikishika vizuri lakini ukiwa mtoni geji inapanda juu na maji hayaji, chujio limeziba kwa matope au majani. Na chujio lizame vya kutosha, angalau mara 3 ya kipenyo cha mpira, la sivyo maji yatazunguka kama yanavyofanya kwenye tundu la sinki na kuvuta hewa.

Sasa kuzomewa. Gari la lita 5,000 linafika limejaa. Mkifungua mipira miwili yenye nozeli za lita 450 kwa dakika, mnamwaga 900, na tangi linakauka ndani ya dakika 5 na nusu. Mwananchi anayefika dakika ya sita anaona gari kavu. Dawa yake huanza kabla ya kufungua nozeli: mmoja anatafuta haidranti (bomba la mtaani la kuchotea maji ya zimamoto) au gari la pili linaitwa mara ile ile, na mpira wa kwanza unawekwa kwenye mkondo wa lita 250 kwa dakika unaolenga moto wenyewe badala ya moshi. Hapo lita zilezile zinakupa dakika 20.

Chunguza pia mipira yako. Kwa kiasi kilekile cha maji, mpira wa milimita 45 hupoteza presha kama mara 9 ya ule wa milimita 70. Ukiunga mipira myembamba mita 100 kutoka kwenye haidranti, kinachofika kwenye nozeli ni cha kumwagilia bustani. Tandika mnene mpaka karibu na jengo, ndipo ugawe kuwa myembamba. Kwa ghorofa ongeza baa 1 kwa kila mita 10 za kwenda juu.

Mwanangu yuko mafunzoni. Kaniambia moto wa mtungi wa gesi ukiwaka usiuzime. Si anapotosha watu huyu? Mama wa Kigamboni.

Mama, amefundishwa vizuri, ila amekuachia nusu ya somo. Moto huo huzimwa kwa kufunga vali. Ukiuzima kwa unga wa kuzimia moto au blanketi huku gesi bado inatoka, gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni mpaka ikutane na jiko la jirani. Lita moja ya gesi iliyo kimiminika hugeuka lita kama 250 za gesi, nayo ikichanganyika na hewa kwa asilimia 2 tu inashika moto. Ni kiasi cha kujaza chumba kidogo kizima cha kupikia. Kama mkono unafika, ufunike kwa kitambaa kilicholowa na ufunge. Kama haufiki, toa watu nje, pigeni 114, namba ya zimamoto. Mtungi usilazwe, kwa kuwa ukilala hutoa kimiminika badala ya gesi.

Mimi ni fundi wa umeme, Mombasa. Nataka kuhamia kazi ya kuhudumia mitungi ya kuzimia moto. Nianzie wapi, na kwa nini mitungi mingi huku pwani geji iko kwenye kijani lakini ikibonyezwa haitoi kitu?

Anza na swali lako la pili, kwa kuwa wengi wanaofanya kazi hiyo hawalijui jibu lake. Geji hupima presha, haipimi unga. Mtu akijaza mtungi kwa kompresa ya gereji, anaingiza hewa yenye unyevu wa pwani. Unga unaloa, unagandana chini kama sementi, na geji inaendelea kuonyesha kijani. Jaza kwa naitrojeni kavu. Kosa la pili ni kuchanganya unga. Ule wa ABC (herufi hizi ni za aina za moto unaozimwa) una fosfeti ya amonia, wenye asidi, na wa BC mara nyingi ni baikaboneti ya sodiamu. Vikikutana kwenye mtungi mmoja vinachachuka, vinatoa gesi na kuganda. Safisha na ukaushe mtungi kabisa kabla ya kubadilisha aina.

Mtungi wa kabonidayoksaidi hauna geji. Unapimwa kwa mizani: ukipoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito wa gesi iliyoandikwa, ujazwe. Mwonye mteja asishike pembe yake wakati wa kutumia, maana gesi hutoka na baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri na ngozi inaganda hapo.

Ukisoma vitabu, angalia vimetoka wapi. Ulaya, C ni moto wa gesi, na mafuta ya kupikia ni F. Marekani, C ni umeme na mafuta ya kupikia ni K. Tumewaona mafundi wakibishana kutwa nzima, kila mmoja akiwa sahihi kwa kitabu chake. Viwango vya Marekani vinataka mitungi ya kabonidayoksaidi na ya maji ipimwe kwa presha ya maji kila miaka 5, ya unga kila miaka 12.

Soko lipo: nchini Kenya, kanuni za mwaka 2007 za kupunguza hatari za moto mahali pa kazi zinataka ukaguzi wa usalama wa moto angalau mara moja kila miezi 12, na mkaguzi aliyeidhinishwa ndiye anayeufanya. Uidhinishaji ni wa Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini. Fanya kazi chini ya fundi mwenye kibali kwanza, na siku ya kwanza umwombe akuonyeshe naitrojeni yake iko wapi. Akikupeleka kwenye kompresa, tafuta mwingine.