Barua kwa mwanangu: kuhusu yule wakala na mpira wako wa kikapu

Binti yangu mpenzi,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara nyingi. Umeniuliza: "Mama, ungempa yule wakala pesa yake nilipomaliza Kidato cha Nne, si sasa hivi ningekuwa nacheza chuo Marekani? Au ndiyo nimeshachelewa?" Sikukujibu kwa simu. Nilitaka kwanza nijue ninachokisema.

Sikumkataa kwa hekima yoyote. Alikaa kwenye kochi letu na faili lake la plastiki, akanitajia milioni tatu: nusu siku ile ile, nusu ukishapata skolashipu. Mimi nilikuwa na ada ya mdogo wako inanisubiri, na balo moja la nguo ambalo hata sijalifungua. Ulikuwa umesimama mlangoni umekumbatia mpira, ukanisikia nikisema hapana. Hukulia. Uliingia ndani, ukavua zile raba nilizokuchagulia sokoni Kiborloni, ukazifuta soli kwa kitambaa chenye maji, ukaziweka juu ya kabati. Mwezi mzima hukuzigusa. Niliona, mwanangu, na niliumia.

Wiki hii nimekaa na mjomba wako jioni tatu tukisoma kanuni za NCAA, chama kikubwa kinachosimamia michezo ya vyuo kule. Mchezaji haruhusiwi kupatana na mtu kwamba malipo yake yategemee kupatiwa chuo au skolashipu. Akifanya hivyo anaweza kunyimwa haki ya kucheza. Maana yake ile "nusu ukishapata" ingeweza kukufungia mlango ule ule tuliokuwa tunaulipia. Kumlipa mtu bei moja inayojulikana ili asambaze video zako ni jambo jingine, nalo lina masharti yake. Lakini makocha wa vyuo wana barua pepe kwenye tovuti za vyuo vyao, na unaweza kuwaandikia mwenyewe.

Halafu nilidhani vyuo vyote ni vile tunavyoviona kwenye televisheni. Kumbe vile ni vya Divisheni I, ngazi ya juu ya NCAA, na hizi divisheni usizichanganye na zile za matokeo ya Kidato cha Nne. Divisheni II nao wanatoa skolashipu za mpira, ingawa wengi hupewa sehemu tu ya gharama. Divisheni III hawatoi chochote kwa ajili ya mpira, ila wanaweza kukusaidia kwa sababu ya masomo au hali ya nyumbani. Nje ya NCAA kuna vyama vingine: NAIA ya vyuo vidogo, na NJCAA ya vyuo vya miaka miwili, ambako wasichana wengi huanzia, wakaonekana, wakahamia vyuo vya miaka minne. Mimi ningekuwa wewe ningeandikia hao wa NJCAA na NAIA kwanza. Nafasi zote hizi za wasichana zina mzizi kwenye sheria yao ya mwaka 1972, Title IX, inayokataza shule zinazopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa jinsia, hata michezoni. Nilipoisoma nilikukumbuka ukifukuzwa uwanjani ili wavulana wamalizie mechi yao.

Mtaani watakutajia Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet. Sawa, alianza kikapu akiwa na miaka 15 na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili kwenda NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, lakini alipitia kwanza sekondari ya huko huko Marekani, ndipo akaingia chuo cha Connecticut. Wewe mtazame Madina Okot wa hapo Kenya. Alikuwa tayari anachezea Chuo Kikuu cha Zetech, kwao, mwaka 2024 akaenda chuo cha Mississippi State huko Marekani, na mwaka uliofuata akahamia chuo cha South Carolina. Ni mrefu kuliko wewe kwa mbali, hilo tusidanganyane. Ila yeye naye aliondokea chuoni, kama utakavyoondokea wewe chuoni kwako Arusha.

Kwa hiyo hujachelewa, lakini saa inakwenda. Kwa Divisheni I, ukishasajiliwa chuo chochote kwa masomo ya muda wote, hata hapo Arusha, unahesabiwa miaka mitano ya kumaliza kucheza. Wewe umeshatumia miwili. Divisheni II wanahesabu mihula 10 ya masomo. Mechi ulizochezea chuo nazo zinaweza kuhesabiwa, kwa hiyo ukiulizwa zitaje zote. Wanaangalia pia masomo ya sekondari: Kiingereza, hisabati, sayansi, maarifa ya jamii. Ile D ya hisabati uliyoililia tutaituma kama ilivyo.

Viza usiiwekee hesabu kabla ya wakati. Masharti yake hubadilika, kayaulize ubalozini, usimuulize mtu wa stendi.

Kilicho mikononi mwetu ni video. Dakika tatu za vikapu vizuri zitamfanya kocha afungue, lakini ataomba mechi nzima, aone unarudije kuzuia ukipokonywa mpira. Hapo ndipo ninapokupendea tangu michezo ya sekondari, UMISSETA. Wenzako wakishika viuno, wewe unakuwa umeshafika chini ya ringi.

Jumamosi napanda Coaster ya asubuhi na mjomba wako, simu yake inarekodi vizuri. Tafuta mahali pa juu pa kusimama, uwanja wote uonekane. Vyeti vyako halisi ninavyo, nakuja navyo.

Jana nilifungua balo la raba nikakuta jozi moja ya kikapu, namba 42, soli bado ina meno. Wateja wawili wameziulizia, nimeziweka chini ya meza. Niambie leo kama mguu wako haujaongezeka.

Mama yako
Moshi