Maswali ya Wasomaji: Kwa nini mwalimu hakuwahi kuiokoa glaida yetu?

SWALI: Ninajifunza kurusha glaida, yaani ndege isiyo na injini. Katika somo la kutua, mimi nikiwa kiti cha mbele na mwalimu nyuma yangu, tulikuwa tunashuka huku upepo mkali ukivuma kutoka mbele. Tulipokaribia ardhi ndege ilizama ghafla, ikagonga chini na kuruka juu. Nikasukuma fimbo ya usukani mbele, nayo ikagonga tena, safari hii kwa pua. Mwalimu aliumia mgongo. Je, kosa ni langu? Na kwa nini mtu mwenye uzoefu kama wake hakuwahi kuzuia?

JIBU: Poleni sana, wewe na mwalimu wako. Katika safari ya mafunzo rubani mkuu ni mwalimu, na dhamana ya ndege iko mikononi mwake hata pale mwanafunzi anaposhika usukani. Kwa hiyo usijibebeshe mzigo huu peke yako.

Kuzama ulikokueleza kunafahamika vizuri. Upepo hupungua nguvu kadiri unavyokaribia ardhi, kwa sababu nyasi, miti na majengo huuzuia, na glaida inayoshuka kutoka kwenye upepo mkali hadi kwenye upepo hafifu hupoteza kasi yake katika hewa ingawa rubani hajagusa chochote. Mabawa hupungukiwa na nguvu ya kuinua wakati ule ule ambapo mnahitaji akiba ya kasi ili kuinua pua na kugusa chini taratibu. Ndiyo maana marubani wengi huongeza takriban nusu ya kasi ya upepo juu ya kasi yao ya kawaida ya kushukia, na huiongeza wakiwa bado juu, kwa kuwa glaida haina injini ya kuirudisha angani ikikosea.

Kuhusu mwalimu, hebu tupige hesabu. Glaida inayokwenda kilomita 95 kwa saa husafiri mita 26 hivi kila sekunde, na breki za hewa, yaani vibao vinavyochomoza juu ya mabawa ili kupunguza nguvu ya kuinua, zikiwa wazi kabisa inaweza kushuka mita moja kwa kila mita sita inazosonga mbele. Maana yake ni kwamba kutoka kimo cha mita 10 hadi ardhini kuna sekunde mbili na kidogo tu, na ndani ya muda huo mwalimu anapaswa kuona kosa, kuamua kwamba hutalirekebisha mwenyewe, kutamka kwamba ameshika yeye, na kutenda. Kwa maoni yangu, nafasi ya kuwaokoa ilikuwa juu zaidi, pale kipima kasi kilipoanza kushuka. Muulize, akipata nafuu, kilikuwa kinasoma ngapi mlipogeukia uwanja.

Kusukuma fimbo baada ya kuruka ni jambo ambalo mwili hulifanya kabla ya akili. Kwa mruko mdogo, iache pua katika usawa, breki zisiguswe, kisha inua pua tena ndege inapozama. Mruko ukiwa mkubwa, funga breki kwa upole ili urefushe mwendo.

Jambo moja haliwezi kusubiri: katika glaida mtu hukaa karibu sana na tumbo la ndege, na mshindo hupanda moja kwa moja kwenye uti wa mgongo. Pingili huweza kuvunjika na maumivu yakaonekana madogo mwanzoni, kwa hiyo nawe nenda ukapigwe picha kabla ya kurudi kwenye kiti kile.